Hatua ya imani kwenye Biblia: huanza na neno au huanza na shida? (Tulete aya, si hisia)

#1 Fundi Hema

Wakuu habari. Naleta hoja, mnikosoe kwa maandiko.

Msemo "chukua hatua ya imani" siku hizi umekuwa kifuniko cha kila sufuria. Mtu anaacha kazi, anakopa, anatia saini mkataba asio na fedha yake, halafu anasema Mungu ataleta. Nimepitia visa vya Mungu kutoa riziki na naona karibu vyote vina agizo lenye kipimo, tena vinaanzia kwenye kitu ambacho mtu tayari anacho. Kimoja kikikosekana, mambo huharibika.

Chukua mjane wa 2 Wafalme 4. Mumewe, mmoja wa wana wa manabii, amekufa na kuacha deni, na mdai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha hamwambii "amini tu". Anamuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta. Kisha yanakuja maagizo, moja baada ya jingine: azima vyombo kwa jirani wote, viwe vitupu, wala visiwe vichache, ingia ndani wewe na wanao, funga mlango, mimina, kilichojaa weka kando. Mafuta yalikoma pale chombo kilipokosekana. Na bado kazi haijaisha: uza, lipa deni, kinachobaki mle.

Angalieni alichoazima. Vyombo, ambavyo kesho vinarudi kwa wenyewe. Fedha hakukopa hata moja, maana deni ndilo lililomfikisha hapo.

#2 Kiti cha Nyuma

Naweka kambi. Huu uzi utafika mbali.

#3 Mzee wa Aya

Mleta uzi umenena vizuri, ila umeruka kisa kinachokupinga, na kiko kitabu hicho hicho, sura tatu mbele. Wakoma wanne kwenye lango la Samaria (2 Wafalme 7). Nani aliwapa agizo? Walikaa wakapiga hesabu: tukiingia mjini kuna njaa, tutakufa, tukikaa hapa tutakufa, twende kambi ya Washami, wakituacha hai tutaishi, wakituua tutakufa tu. Hakuna neno, hakuna kipimo, hakuna chupa ya mafuta. Wakaenda wakakuta kambi haina mtu.

Na hiyo ilikuwa njaa ambayo kichwa cha punda kiliuzwa vipande 80 vya fedha (6:25).

#4 Bint Sarepta

Mzee, shikamoo. Nakurekebisha kidogo. Neno lilikuwepo. Sura ya 7 aya ya 1 Elisha alishasema: kesho saa kama hii kipimo cha unga mzuri kwa shekeli, vipimo viwili vya shayiri kwa shekeli, hapo langoni pa Samaria. Wakoma hawakulisikia, ila lilishatamkwa. Aliyelisikia ni yule akida wa mfalme, naye alilibeza. Akaiona bei imeshuka kwa macho yake, asile: watu walimkanyaga langoni.

Kwa hiyo waliopata hawakuwa na neno, na aliyekuwa na neno hakupata. Fundi Hema, hapo hoja yako inachechemea.

Na Yonathani je? 1 Samweli 14:6 anamwambia mbeba silaha wake "yamkini BWANA atatutendea kazi". Yamkini! Hana uhakika. Anaweka ishara mwenyewe: wakisema "ngojeni" tunasimama, wakisema "pandeni" tunapanda.

#5 Fundi Hema

Dada, ndiyo maana niliandika "karibu". Wakoma nawaachia.

Yonathani sikubali kirahisi. Alikuwa anapigana na waliokuwa wamekalia nchi yake, na ishara aliyoweka ilimwachia mlango wa kurudi nyuma. Wanaotumia jina lake leo huwa wameshafunga huo mlango kabla ya ishara yoyote.

Kinyume chake ni Hesabu 14. Watu wale wale, nchi ile ile, ahadi ile ile. Jana waliambiwa pandeni wakakataa. Leo wameambiwa msipande, wanaamka asubuhi na mapema: tuko tayari, tutapanda. Musa na sanduku la agano hawakutoka kambini. Wakapigwa hata Horma. Ujasiri ulikuwepo mwingi tu. Siku ndiyo ilikuwa imepita.

#6 Jiwe la 12

Mnajadili kama vile kuna utaratibu mmoja. Haupo.

Bahari ya Shamu: upepo wa mashariki ulivuma usiku kucha, maji yakagawanyika, ndipo watu wakapita (Kutoka 14:21). Njia kwanza, mguu baadaye. Yordani: makuhani wakanyage kwanza, nao mto ulikuwa umefurika kingo zote, wakati wa mavuno (Yoshua 3:15). Mguu kwanza, njia baadaye. Watu wako nyuma dhiraa 2000.

Sasa tazameni 3:16. Maji hayakusimama miguuni pao. Yalisimama chuguu, yaani rundo, "mbali sana, huko Adamu". Mahali panapodhaniwa kuwa Adamu, Damiya ya leo, ni kama kilomita 25 hadi 30 juu ya Yeriko. Maji yakikatika huko, yaliyokwisha kupita lazima yaendelee kushuka kwa saa kadhaa ndipo huku chini pakauke. Kama ni hivyo, yalikatika kabla makuhani hawajafika ukingoni. Walipokanyaga, mkia wa maji ndio ulikuwa unapita.

Na hapo Damiya mto umewahi kuziba kweli. Mwandishi wa Kiarabu an-Nuwayri ameandika kwamba mwaka 1267 kingo ilianguka ikazuia mto kwa saa kadhaa, na mafundi wa Sultani Baybars wakatumia nafasi hiyo kutengeneza nguzo za daraja.

#7 Kalamu Nyekundu

Jiwe la 12, hesabu yako tamu lakini unaipindisha aya. Mwandishi ameunganisha mambo mawili kwa makusudi: nyayo zilipochovywa, "ndipo" maji yakasimama. Ukisema yalikatika asubuhi na mapema umeondoa hiyo "ndipo". Kama unataka muujiza wa wakati, sema muujiza wa wakati. Usiugeuze kuwa ratiba ya mto.

Pia kisa cha 1267 kinaonyesha tu kwamba kingo za pale ni laini. Hakithibitishi cha Yoshua.

#8 Jiwe la 12

Sijasema kinathibitisha. Nimesema riziki inaweza kuwa imeanza safari kabla yako. Kuni za sadaka Ibrahimu alizipasua nyumbani siku tatu kabla (Mwanzo 22:3). Kisu anacho, moto anao, kuni zimo mgongoni mwa Isaka. Pungufu moja tu, mwana-kondoo. Yule kondoo mume aliyenaswa pembe kichakani hakuangushwa kutoka mbinguni, alifika pale kwa miguu yake. Na jina la mahali, Yehova-yire, kitenzi chake cha Kiebrania ni "kuona". Anayeona mapema ndiye anayepatia.

#9 Kiti cha Nyuma

Uzi wa riziki umekuwa somo la jiografia, sasa tunahesabu kilomita za kondoo 😂 Endeleeni, kambi bado ipo.

#10 Pishi

Nashangaa tumefika #10 na hakuna aliyegusa mana, wakati ndilo fundisho refu kuliko yote: miaka 40, kila siku.

Kipimo: pishi moja kwa kila kichwa. Neno la Kiebrania ni omeri, sehemu ya kumi ya efa (Kutoka 16:36). Efa hukadiriwa lita 22, basi omeri ni kama lita 2.2. Pishi ya Waswahili, vibaba vinne, inazidi hapo, kwa hiyo msomaji anayewaza pishi ya nafaka anawaza zaidi ya walichopata. Na msichanganye omeri na homeri. Homeri ni efa 10, yaani omeri 100.

Namna ya kuokota: asubuhi, umande ukishapanda, kabla jua halijawa kali, maana likiwa kali inayeyuka. Waliosaga walisaga, wengine walitwanga kwenye vinu, wakatokosa chunguni, wakafanya mikate (Hesabu 11:8). Riziki ilitoka mbinguni lakini mchi haukutwanga wenyewe.

Inaharibika wapi? Mahali pawili. Kwanza, kuweka hadi kesho: mabuu na uvundo. Pili, kutoka siku ya saba kuokota: hakuna kitu. Siku ya sita unaokota mbili, na hiyo hiyo iliyokuwa inaoza, usiku wa kuamkia sabato haiozi. Hapo ndipo imani inapimwa. Siku tano unazuiwa kuweka, ya sita unaamriwa kuweka. Ukifuata uzoefu wa siku tano utalala njaa ya sabato. Ukifuata wa siku ya sita utaamka na mabuu Jumatatu.

Linganisheni na kware wa Hesabu 11:32. Aliyekusanya kidogo kabisa alikusanya homeri 10. Hizo ni omeri 1000. Mtu aliyeambiwa pishi moja kwa siku amejaza nyama ya pishi elfu kwa siku mbili. Nyama ikiwa bado menoni, pigo likashuka, pakaitwa Kibroth-hataava, makaburi ya tamaa.

#11 Mwanafunzi wa Daima

Pishi, asante kwa vipimo. Kuna maelezo mengine ya mana. Mwaka 1927 Bodenheimer na Theodor wa Chuo Kikuu cha Kiebrania walikwenda Sinai wakaeleza kwamba wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mkwaju-jangwa (tamariski) hudondosha punje tamu. Punje hukauka kuwa nyeupe, na Wabedui huziokota asubuhi kabla ya sisimizi. Mimi sioni shida Mungu akitumia mdudu.

#12 Pishi

Nami sina shida na mdudu. Nina shida na hesabu. Punje hizo ni za majira ya kiangazi, wiki chache, kwenye miti michache. Kutoka 12:37 inataja wanaume 600,000 bila watoto. Hata ukiikata namba hiyo mara kumi, mdudu hatoshi. Na mdudu hajui siku ya sita.

Halafu kitu kinachosahaulika: mana ilikoma. Yoshua 5:12, siku iliyofuata baada ya kula mazao ya nchi. Haikupungua polepole, ilikatika. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa "amini zaidi irudi". Mwaka ule walikula mazao ya nchi.

(Mkwaju-jangwa huo si mkwaju wa ukwaju, kabla hamjaanza.)

#13 Mzee wa Aya

Hapo kwenye kuweka akiba niruhusuni. Wengi wanahubiri mana kana kwamba akiba ni kutoamini. Yusufu alisikia neno la Mungu kuhusu kesho, na imani yake ikawa ghala: sehemu ya tano ya mazao, miaka saba, chini ya maofisa, nafaka ya mashamba ya kila mji ikiwekwa mji huo huo (Mwanzo 41:34-48). Angetoa unabii kisha akakaa, Misri ingekufa na unabii wa kweli mkononi.

Matendo 11 vilevile. Agabo anatabiri njaa, nayo ikaja siku za Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia wanafanya nini? Kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa, wanachanga, wanapeleka Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Muujiza wa chakula hautajwi kabisa.

Kwa hiyo swali si akiba au bila akiba. Swali umeambiwa nini.

#14 Fundi Hema

Mzee, umerudi kwenye hoja yangu kwa mlango wa nyuma. Karibu.

#15 Mzee wa Aya

Nimerudi kuchukua kofia tu.

#16 Bint Sarepta

Kama mnataka kisa kilichowahi kujaribiwa na taifa zima, ni mwaka wa saba. Walawi 25:20 watu wanauliza swali halisi kabisa: tutakula nini? Jibu: mwaka wa sita utazaa mazao ya miaka mitatu. Hesabu yake ni hii: unakula ya sita ukiwa mwaka wa saba, mwaka wa nane unapanda huku bado unakula ya zamani, hadi mavuno ya mwaka wa tisa. Yaani baraka inakuja kabla ya kupumzisha shamba. Anayengoja mwaka wa saba ndipo aone muujiza amechelewa. Alitakiwa auone ghalani mwaka wa sita.

Ilitekelezwaje? 2 Nyakati 36:21 inasema nchi ilizifurahia sabato zake kwa miaka 70, maana yake hazikushikwa. Baada ya uhamisho zilishikwa, na gharama ikaonekana. 1 Makabayo 6 inaeleza watu wa Beth-zuri walivyosalimu mji kwa kukosa chakula cha kustahimili kuzingirwa, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa nchi kupumzika. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, naye ananukuu amri ya Julius Caesar iliyowaondolea Wayahudi kodi katika mwaka wa saba. Mpaka Rumi ilijua mwaka huo hakuna cha kutoza.

Sasa niambieni: Beth-zuri walitii, wakashindwa vita kwa sababu ya kutii. Hilo tunaliweka wapi?

#17 Kalamu Nyekundu

Tunaliweka pamoja na Danieli 3:18, "bali kama si hivyo". Wale vijana watatu hawakutia sahihi mkataba wa matokeo.

Ila nami nina kitendawili ambacho hakuna aliyekifumbua vizuri. Ezra na Nehemia, njia moja kwenda Yerusalemu, mfalme mmoja kwa maelezo ya wengi. Ezra 8:22: niliona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, kwa sababu tulishamwambia mkono wa Mungu uko juu ya wamtafutao. Anafunga, anakwenda bila ulinzi. Nehemia 2:9: mfalme alipeleka pamoja nami maakida wa jeshi na wapanda farasi. Anawapokea, na juu yake barua kwa Asafu mlinzi wa msitu, ampe mbao. Nani alikuwa na imani?

Kabla hamjasema Ezra, endeleeni kusoma. Huyo asiye na askari alipima fedha talanta 650, vyombo vya fedha talanta 100, dhahabu talanta 100, akawakabidhi makuhani kwa uzito, na walipofika, siku ya nne vikapimwa tena na uzito wote ukaandikwa (8:26-34). Aliacha askari, hakuacha mizani.

#18 Kiti cha Nyuma

"Hakuacha mizani." Hiyo nabandika ukutani. Wahasibu wa huduma wapo humu?

#19 Mwanafunzi wa Daima

Ezra alishajifunga kwa maneno yake mbele ya mfalme, Nehemia hakusema hivyo. Ndiyo tofauti ninayoiona. Ukishatangaza, unaishi ndani ya tangazo lako.

Hili linanileta Malaki 3:10, "mkanijaribu kwa njia hiyo", dhidi ya Kumbukumbu 6:16, "msimjaribu BWANA". Kiebrania kinatumia vitenzi viwili. Cha Malaki, bakhan, ni kupima kama dhahabu inavyopimwa. Cha Kumbukumbu, nasa, ndicho kinachotumika kule Masa, watu walipodai maji wakiuliza kama BWANA yuko kati yao au hayuko.

#20 Kalamu Nyekundu

Tofauti ya vitenzi ni kweli lakini usiiegemee sana. Zaburi 95:9 inaviweka vyote viwili kwenye mstari mmoja, na kuhusu Masa hiyo hiyo. Bora uegemee muktadha. Ghala la Malaki ni chumba cha chakula cha Walawi. Nehemia 13:10 inaonyesha kilipokuwa kitupu: Walawi na waimbaji walikimbilia kila mtu shambani kwake. "Kiwemo chakula katika nyumba yangu" ni sentensi ya kawaida sana ukijua hilo.

#21 Jiwe la 12

Nje ya Biblia kidogo: George Müller wa Bristol. Alianza nyumba ya yatima 1836, akahamia Ashley Down 1849, hadi kufa kwake 1898 walikuwa wamepita watoto zaidi ya 10,000. Hakumwomba mtu fedha, hakununua kwa mkopo. Hiyo si hatua ya imani bila agizo maalumu?

#22 Fundi Hema

Müller ni shahidi wangu. Hakukopa, na alitoa ripoti ya mapato na matumizi kila mwaka. Wapo wanaosema ripoti zenyewe zilikuwa ombi lililovaa koti, na si hoja ya kipuuzi. Naye aliliona hilo: mwishoni mwa 1841, fedha ikiwa imekwisha, aliahirisha ripoti isionekane kama kilio. Wanaomwiga huchukua "hakuomba" wakaacha "hakukopa".

#23 Pishi

Luka 22:35-36 haijaguswa. Niliwatuma bila mfuko, mlipungukiwa? La. Basi sasa, mwenye mfuko na auchukue. Bwana yule yule, wanafunzi wale wale. Na agizo la kwanza lenyewe lina utata: Marko 6:8 anaruhusu fimbo, Mathayo 10:10 anaikataza.

#24 Kiti cha Nyuma

Fimbo iandikiwe uzi wake, tafadhali 😂

Swali la mwisho kwa Bint Sarepta, kwa kuwa jina umelibeba: yule mjane wa Sarepta, pipa lilijaa au halikujaa?

#25 Bint Sarepta

Halikusemwa limejaa. 1 Wafalme 17 inasema halikupunguka. Alikuwa na konzi ya unga, na nionavyo kila akiinama alikuta konzi. Chupa ya mafuta vilevile. Eliya alimwambia "nifanyie kwanza mkate mdogo", na ahadi ilikuwa na mwisho: hata siku BWANA atakapoleta mvua. Luka 4:25 anataja miaka mitatu na miezi sita, 1 Wafalme 18:1 "mwaka wa tatu", msianze.

Jambo ninalolifikiria zaidi ni maji. Ukame umekausha kijito Kerithi, naye Eliya alikaa pale akilishwa na kunguru mpaka kikakauka ndipo neno la kuhama likaja. Anafika Sarepta, anaomba maji, na mama anakwenda kuyaleta bila neno. Maji ya kumpa mgeni alikuwa nayo. Aliposhtuka ni alipoitwa tena njiani: na kipande cha mkate.

#26 Mzee wa Aya

Na alikuwa na chumba cha juu (17:19). Nyumba ya ghorofa na unga wa konzi moja. Aya ya 17 inamwita bibi wa nyumba. Kwa hiyo hakuwa maskini wa tangu zamani?

#27 Bint Sarepta

Mzee, hapo umenifungulia jambo. Nyumba ilikuwa yake au aliitunza tu? Ngoja nirudi kwenye Kiebrania cha aya ya 17, nitakuja.